Maji Yanayozoleka

Mwenye bucha wa Joensuu hajanizoea bado.
Kila Jumanne alfajiri naagiza magoti,
magoti matupu, ya ng'ombe wasiozidi miaka mitatu,
naye huuliza huku akifunga karatasi:
"Daktari Vuokko, supu gani hii isiyoiva?"
Nacheka. Nje ni digrii ishirini chini ya sifuri,
na mfuko wangu unafuka mvuke.

Maabara iko chini ya ardhi, mbali na barabara,
kwa kuwa mashine yetu husikia lori
kama sisi tusikiavyo radi.
Nachonga kipande: upana wa kifungo cha shati,
unene milimita mbili, pengine na nusu,
cheupe, kinateleza kama yai lililomenywa.
Nakitia kwenye maji ya chumvi,
nashusha ncha ya chuma kwa mwendo wa kivuli,
kisha nangoja.
Robo saa kila hatua. Hatua nne.
Ukitaka ukweli, kazi yangu ni kungoja.

Husemwa maji yakimwagika hayazoleki.
Wasemao hawajaliona gegedu.
Robo tatu yake ni maji.
Ukilikanyaga, maji hujipenyeza nje,
lakini hayakimbii: yanabishana na nyuzi njia nzima,
na ubishi huo ndio unaokubeba ngazini.
Ukiinua mguu, yanarudi.
Mara milioni kwa mwaka yanatoka, yanarudi,
bila mshipa wa damu wa kuyalisha,
bila neva hata moja ya kulalamikia.
Hapo ndipo penye msiba.
Kinachosagika hakilii.
Siku unayosikia maumivu, ni mfupa unaosema,
na mfupa husema wakati jirani yake keshahama.

Impi Kettunen, ghorofa ya tatu, jengo letu lisilo na lifti,
alipeleka barua miaka thelathini na nne,
kwa skii, kwa baiskeli, kwa miguu,
mkoba begani kushoto, daima kushoto.
Vuli iliyopita nilimsikia kabla sijamwona:
hatua, mkono kwenye reli, kimya, hatua.
"Si wewe ndiye wa magoti?" akasema.
"Basi nipe dawa."
Nikaanza kumweleza habari za kolajeni,
na shinikizo, na mnyumbuko,
mpaka nikajisikia mwenyewe.
Nikanyamaza. Nikambebea maziwa.

Februari hospitali ilituletea chupa.
Kila chupa ina namba, haina jina.
Arobaini na moja: mwanamke, miaka sabini na moja,
goti la kushoto.
Wiki hiyo taa za Impi hazikuwaka.

Sikuuliza. Sheria inakataza, nami najikataza.
Niliitia kwenye maji ya chumvi kama nyingine zote,
nikashusha ncha.
Haikubisha. Maji yalitoka tu
kama wageni katika nyumba iliyoachwa wazi.
Mchoro ukaanguka kwenye skrini, ukalala.
Ila pembeni, upande wa nje,
palikuwa na mahali padogo kama punje ya dengu
palipokataa kubonyea.
Nikapapima mara tatu.
Mara tatu pakabisha.
Saa nane usiku nilijikuta nimesimama,
miwani kipajini, nikisema kwa sauti:
"Kaza. Kaza hivyo hivyo."

Aprili, theluji imegeuka tope jeusi,
Impi anapanda mbele yangu na goti la chuma.
Anasimama katikati ya ngazi,
si kwa maumivu, kwa maringo.
"Lile la zamani," anauliza, "walilitupa wapi?"
Ninalo jibu, kurasa kumi na mbili, pamoja na jedwali.
"Huwa hawatupi hovyo," nasema.
Ananitazama kidogo kuliko nilivyoogopa,
anatafuta funguo, mlango unafungwa.

Kwangu ni ghorofa moja zaidi.
Goti langu la kulia, tangu Oktoba,
limeanza kusema.